Uainishaji wa Awali wa Mkufunzi wa Wanyama wa Filamu, Pamoja na Hoja Juu ya Maficho Yake

Wataalamu waliotangulia walimwainisha mkufunzi wa wanyama wa filamu kwa kumtazama mnyama wake: huyu wa mbwa, yule wa farasi, yule wa simba. Huo ni uvivu. Mnyama anaonekana na kila aliyekata tiketi, hahitaji mtaalamu. Kiumbe anayestahili uchunguzi ni yule asiyeonekana, anayelipwa kwa sababu haonekani, na ambaye ukosi wa shati lake ukichomoza tu pembeni mwa fremu, mwongozaji anafoka na kazi inaanza upya. Kwa hiyo tunapendekeza mfumo mpya: mkufunzi aainishwe kwa mahali anapojificha.

Jamii ya kwanza ni Mkufunzi wa Kando ya Kamera. Ndiye wa kale zaidi, na enzi za filamu bubu aliishi kwa raha, kwani aliweza kupayuka apendavyo: kaa, lala, bweka, rudi! Sauti ilipoingia katika filamu, koo lake likakosa kazi. Carl Spitz, Mjerumani aliyehamia California, alinusurika kwa kuwazoesha mbwa wake ishara za mikono. Ndiyo maana mbwa wake Terry alicheza Toto katika The Wizard of Oz (1939) bila sauti ya bwana wake kusikika popote. Terry alilipwa dola 125 kwa wiki. Nani aliyezipokea, msomaji ameshajua.

Jamii hii hutambulika kwa macho ya mnyama. Ukimwona mbwa wa filamu akimtazama bibi harusi kwa mapenzi mazito, lakini macho yake yakapita kidogo pembeni mwa sikio la bibi huyo, basi umeshampata mkufunzi. Yuko upande ule, ana kipande cha nyama.

Nyama hiyo inatufikisha kwenye Sheria Kuu ya fani, ambayo wahenga waliitunga bila ruzuku ya utafiti: mkono mtupu haulambwi. Wasomi wa Marekani waliifikia sheria hiyohiyo baada ya kuwalisha njiwa wengi sana katika maabara. Ila nao walikuja kugundua mipaka yake. Mwaka 1961 Keller na Marian Breland, waliowahi kusoma kwa B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa njiwa hao, na kisha wakafanya ufunzaji kuwa biashara, waliandika kwamba nguruwe aliyefunzwa kubeba sarafu za mbao na kuzitia kibubuni alianza, baada ya muda, kuziangusha njiani na kuzifukua kwa pua. Malipo alikuwa akipata. Unguruwe wake tu ulikuwa umerudi kazini.

Jamii ya pili ni Mkufunzi wa Ndani ya Picha, anayejibanza chini ya meza, nyuma ya mlango au kandokando ya ukuta wa banda. Kielelezo chake bora ni Les Hilton, aliyemfunza farasi msemaji wa kipindi cha televisheni Mister Ed (1961–1966). Hapa elimu imegawanyika katika madhehebu mawili. Madhehebu ya Siagi ya Karanga yanashikilia kwamba farasi alipakwa siagi ndani ya mdomo, naye akawa anaitafuta kwa ulimi. Madhehebu ya Uzi yanasema alipitishiwa uzi wa nailoni chini ya mdomo. Alan Young, mwigizaji aliyezungumza na farasi huyo miaka yote, alikuja kukiri kwamba habari ya siagi aliibuni mwenyewe, lakini madhehebu ya kwanza bado yana wafuasi wengi kuliko ya pili. Inavyosimuliwa, uzi nao ulistaafishwa: farasi alizoea kuchezesha midomo Hilton alipomgusa kwato, na mwisho wake akawa anaichezesha kila Young aliponyamaza. Yaani aliijua zamu yake ya kusema. Tumewahi kuhudhuria makongamano ambako hilo bado ni lengo la muda mrefu.

Jinsia ya mnyama haiwezi kutumika kama kigezo, na sababu ziko wazi. Lassie, mbwa wa filamu, ni jike. Katika Lassie Come Home (1943) alichezwa na dume, Pal, ambaye mkufunzi Rudd Weatherwax alibaki naye baada ya mwenye mbwa kushindwa kulipa gharama za ufunzaji. Majike hunyonyoka manyoya vibaya, ndiyo hoja iliyotolewa. Hedwig, bundi wa Harry Potter, naye ni jike aliyechezwa na madume, kwa kuwa bundi jike wa aina hiyo ana madoa meusi na mhusika alitakiwa awe mweupe pe. Kwa upande mwingine, Francis, baghala dume aliyetwaa tuzo ya kwanza ya PATSY, ya waigizaji wanyama, mwaka 1951, alikuwa jike aitwaye Molly, na Terry aliyecheza Toto alikuwa jike pia. Nguruwe wa Babe (1995) tuwaache: walikuwa 48, kwa sababu nguruwe mdogo hukua haraka kuliko ratiba ya upigaji picha.

Afrika Mashariki ndiyo makazi ya jamii ya tatu, Mkufunzi Asiyekuwepo. Katika Hatari! (1962), iliyopigwa Tanganyika, John Wayne na wenzake waliwakimbiza vifaru wa kweli kwa magari, na hakuna kifaru aliyeambiwa lolote kuhusu hadithi. Waliofunzwa ni waigizaji. Ndivyo ilivyokuwa Kenya pia kwenye Born Free (1966): George Adamson, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori, aliwazoesha Virginia McKenna na Bill Travers mpaka simba wakawakubali. Filamu ilipokwisha aliwachukua simba Boy, Girl na Ugas hadi Meru ili wajifunze kuwinda, kazi ambayo ni kinyume kabisa cha fani yenyewe. Mwaka 1971, huko Kora, Boy alimuua msaidizi wa Adamson, na Adamson akampiga risasi simba wake. Jambo hilo haliingii katika jedwali lolote.

Tusichanganye jamii hii na ile ya kipindi cha televisheni Daktari (1966–1969), ambacho jina lake ni la kwetu lakini shamba la wanyama ni la Ralph Helfer, California, aliyehubiri ufunzaji wa upendo na kumlea Clarence, simba mwenye makengeza.

Kuhusu mzunguko wa maisha hatuna mengi. Kiluwiluwi hupatikana katika Chuo cha Moorpark, California, ambako mafunzo ya kazi hii yalianza 1974 na ambako hutumia muda mwingi akisafisha vizimba. Adui wake wa asili ni msimamizi wa American Humane, shirika la kutetea wanyama, aliyezuka baada ya farasi kurushwa kutoka kwenye genge kwa ajili ya Jesse James (1939). Sisi tunamuunga mkono adui.

Kinachotusumbua ni kielelezo cha karibuni. Kwa ajili ya Life of Pi (2012), Mfaransa Thierry Le Portier alimleta King, chui milia, na mafundi wa kompyuta wakamchunguza anavyotembea, anavyohema na anavyokunja ngozi ya shingo, hadi wakaweza kumtengeneza wa kwao. Hapo mkufunzi hakuwa na sababu kubwa ya kujificha, kwani chui anayeonekana katika sehemu kubwa ya filamu hakuwa na mwili. Tulimweka Le Portier jamii ya kwanza, tukamtoa. Tukamjaribu ya tatu, hakuenea. Kwa sasa amepewa safu yake peke yake. King, aliyewafundisha mafundi hao kila walichojua kuhusu uchui, tumemsajili miongoni mwa wakufunzi.