Tasbihi ya Mama Mkwe

Friji lilichomolewa magharibi, nami sikuambiwa. Nilijua baadaye, nilipofungua kutafuta maziwa, nikakuta samaki kilo nne niliowagandisha kwa ajili ya wageni wa Ijumaa wamelegea kama nguo zilizotoka kufuliwa. Waya wa ekstensheni ulikuwa umetoka jikoni, ukapita dirishani, ukaishia uani kwenye meza ya Baba Salma. Pale ulikuwa ukilisha kompyuta, kamera, na mkanda wa kupasha kioo cha darubini kisishike umande.

Mume wangu si mtu wa kutazama nyota. Yeye hutazama nyota zikizimwa. Huko angani kuna asteroidi, yale mawe yanayolizunguka jua, mengi yakiwa kati ya Mirihi na Mshtarii. Mara moja moja jiwe hupita mbele ya nyota. Nyota iko mbali mno, miale yake inatufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli cha jiwe huanguka duniani na upana wa karibu sawa na jiwe lenyewe. Kivuli hicho hukimbia juu ya nchi na bahari. Uliyekaa ndani ya njia yake, nyota inakuzimikia sekunde chache. Jirani yako aliye nje ya njia haoni kitu. Kila mtu akipima sekunde zake na kuzipeleka, anayejua hesabu huzipanga mstari kwa mstari mpaka umbo la jiwe linajitokeza. Baba Salma huyaeleza haya kwa tochi na kisahani cha chai, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka kwetu bila kuonyeshwa kile kisahani.

Maradhi haya tulihamia nayo kutoka New York. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Machi 2014, asteroidi Erigone ilitabiriwa kuifunika Regulus, nyota angavu ya kundi la Simba, kwa sekunde zisizozidi 14 hivi, na kivuli kingepita juu ya jiji lenyewe. Darubini haikuhitajika, macho yalitosha. Saa nane na dakika sita usiku nilikuwa juu ya paa la jengo, Salma mchanga kifuani, baridi inakata masikio. Mawingu yalikuwa yametanda kama blanketi. Baba Salma alisimama dakika kumi zaidi baada ya saa kupita, kana kwamba wingu lingeona haya.

Basi ilipotangazwa kwamba asteroidi Leona itaifunika Betelgeuse, ile nyota nyekundu begani mwa Orion, na kwamba kivuli kitatoka Asia, kivuke Uturuki, Ugiriki, Italia na Hispania, kivuke Atlantiki hadi kwetu kusini mwa Florida, nilijua nyumba imekwisha. Kwetu ingekuwa Jumatatu, tarehe 11 Desemba 2023, kama saa mbili na dakika 24 usiku. Safari hii kulikuwa na utata mtamu. Betelgeuse ni jitu la nyota, na sura yake angani ingekuwa karibu sawa na ya Leona. Mwezi wa tisa Leona ilikuwa imefunika nyota nyingine, na waangalizi wa Ulaya wakapata kwamba jiwe lina kama kilomita 80 kwa 55. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kuapa kama Betelgeuse itazimika kabisa au itapungua tu.

Usiku huo taa zote zilizimwa. Likabaki tatizo la upande wa mashariki, kwa jirani, ambako kulisimama Baba Krismasi wa mpira aliyejazwa upepo, taa zikiwaka tumboni. Nikatumwa na sahani ya sambusa. Jirani alikubali, akachomoa waya, na Baba Krismasi akaanguka polepole kwenye majani kama mlevi aliyekosa ukuta.

Saa mbili na dakika 20, ardhi ikakoroma.

Vinyunyizio vya bustani kwetu hujiwasha vyenyewe. Saa yake ilipangwa mwezi wa saba na Baba Salma mwenyewe, siku za Jumatatu na Ijumaa. Maji yakaruka kila upande. Alivua shati akaifunika kompyuta, akanipokonya kanga akaitupia darubini, akakimbilia gereji kufunga maji, akashindwa kuiona koki kwa sababu taa zote za nyumba alikuwa amezipiga marufuku. Aliporudi, kifua wazi, amelowa chapachapa, ilikuwa dakika ya 26.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kututembelea, alikuwa barazani chini ya paa, mkavu, na tasbihi yake.

“Ile nyota yenu imefanya mambo,” akasema.

“Mama! Uliiona?”

“Ningeiangalia nini kingine, nanyi mmezima kila kitu? Nilikuwa kwenye alhamdulillahi ya kumi na moja. Ikaanza kufifia. Nilipofika ya kumi na tano ilikuwa imesharudi.”

“Ilizimika ghafla?”

“Haikuzimika. Ilififia, kama taa ya mafuta ukishusha utambi. Halafu mtu akaupandisha.”

Baba Salma akakaa chini kwenye saruji yenye maji. Nyota ya kawaida ikifunikwa hukatika kama swichi. Ni nyota kama Betelgeuse, kwa ukubwa wa sura yake, ambayo ingefifia taratibu vile, na hilo mama yake hakuwa ameelezwa hata na kisahani.

Saa sita usiku mimi nilikuwa nakaanga samaki, maana hawakuwa na namna nyingine ya kuokolewa. Sebuleni mtoto wa watu, nywele bado zinadondosha maji, ameshika saa ya simu mbele ya mama yake.

“Tena, Mama. Kuanzia ya kumi na moja. Kwa mwendo ule ule.”

“Mwendo gani, nawe umenitolea macho? Mara ya kwanza umepata ngapi?”

“Sekunde saba. Ya pili tisa.”

“Andika nane, unipe samaki.”