Shikamoo, Zedi

Wengine na wausifu Mlima Meru na mita zake zaidi ya 4,500. Mimi leo namsifu msumbufu mdogo kuliko wote Arusha: ile zedi inayojipenyeza kati ya neno moja la Kifaransa na jingine, ikamuumbua mwongoza watalii mbele ya wageni waliomlipa.

Wafaransa ni watu wa akiba. Wanaandika herufi mwishoni mwa neno, kisha hawaitamki. Inalala pale. Neno linalofuata likianza na irabu, inaamka na kulidandia kama konda aliyeachwa na daladala, tena ikiwa imebadili sura. S inakuwa Z. D inakuwa T, ndiyo maana grand arbre, mti mkubwa, unasikika "grantabr". Neuf heures, ambayo kwetu ni saa tatu, inadai F igeuke V; kwa hiyo kijana wa watu ahesabu kwanza saa sita nyuma, ndipo ahangaike na meno.

Utukufu wake hasa uko Hifadhi ya Arusha. Pale Momella viboko wamezama, yameachwa macho na masikio: les hippopotames, unga, "lezipopotam". Bundi akilia, usithubutu: les hiboux, "le ibu". H zote mbili hazitamkwi, ila moja ni bubu mpole na nyingine ni bubu wa kiburi, haguswi. Mashujaa nao, les héros, ukiwaunga wanageuka sifuri. Na fisi? Hapo Wafaransa wenyewe hawajaelewana. Huyu anaunga, yule haungi. Nawashauri waongozaji wetu wawaonyeshe wageni fisi wengi iwezekanavyo.

Wanaoilaani zedi hawajawahi kupokea simu hotelini. Leur enfant ni mtoto wao, leurs enfants ni watoto wao, na sikioni tofauti ni hiyo zedi tu. Ikikupita, watoto wanne wanaandaliwa kitanda kimoja. Isitoshe, imekuja kutufaa sisi: les amis inakatika le-za-mi, silabi tatu wazi, ungedhani imezaliwa Tanga.

Na mji huu una shughuli nayo. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliendesha kesi hapa kwa Kiingereza na Kifaransa hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo tangu 2007. Mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake hapa hapa, ikaja na irabu zake zote.

Imebaki et, yaani "na". Ina T mwishoni, nzima kabisa, lakini haiungi kamwe, hata ifuatwe na irabu gani. Muulize mwalimu sababu, atakwambia ndivyo ilivyo. Herufi iliyo kwenye orodha kila siku na kazi haifanyi! Arusha ina ofisi nyingi za kimataifa, haitakosa kiti.