Fundi Asubiri Nje: Jinsi ya Kuongeza Vyumba Matinyani Hati Ikiwa Benki

Benki ipigiwe hodi kabla fundi hajafunga kamba ya msingi. Naanza na hilo kwa sababu Matinyani mambo hupenda kwenda kinyume: mchanga umeshashushwa, matofali yameshachomwa, shemeji fundi ameshachinjiwa kuku, ndipo mwenye boma anakumbuka kwamba hati ya shamba imefungiwa kwenye sefu ya benki.

Utaniambia huna mkopo wa nyumba. Nakubali. Kenya nzima mikopo ya aina hiyo ni kama 30,000 tu, na huku Kitui Magharibi watu hujenga kwa sacco, kwa chama na kwa pesa za mtoto aliye Nairobi. Lakini kama uliweka hati dhamana ili ulipe karo au ujaze duka, nyumba iliyo juu ya shamba hilo imo ndani ya rehani. Na chumba utakachoongeza kesho kwa akiba yako mwenyewe kitaingia humo humo, kwa kuwa kilichoshikamana na ardhi kisheria ni sehemu ya ardhi. Benki haikununua hata tofali moja, lakini ukishindwa kulipa, dalali atanadi na chumba cha wageni.

Kwa hiyo andika barua, ambatisha mchoro, omba idhini ya maandishi. Ukipita kaunti, chukua kibali cha ujenzi. Chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, kuanza bila kibali kunaweza kukutoza faini ya hadi shilingi 500,000. Na kama hati bado ina jina la babu aliyezikwa zamani, achana na benki kwanza, nenda kortini mkafungue mirathi. Hakuna mkopo utakaotoka kwa jina la marehemu.

Halafu kaa na mwenzako wa ndoa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka sahihi au ridhaa ya mume au mke anayeishi katika nyumba ya ndoa, la sivyo rehani juu ya nyumba hiyo si halali. Ukikopa zaidi kwa ajili ya vyumba vipya, msijadiliane mlangoni pa wakili huku mama akiambiwa “weka sahihi hapa tu”. Mwonyeshe kiasi, riba na miaka. Shamba likiwa la kilimo, bodi ya ardhi nayo lazima itoe idhini.

Vyumba vikishajengwa, subiri mthamini wa benki, na usimpikie chapati ukidhani bei itapanda. Atapima kwa futi, atapiga picha paa, kisha atasimama pale ukuta mpya ulipoungana na wa zamani. Hapo ndipo kazi ya fundi husomeka. Msingi mpya ukizama kidogo zaidi ya wa kale, ufa unashuka kutoka usawa wa linta hadi sakafuni, na mabati yasipofungwa vizuri kwenye maungio, mvua ya Novemba huchora ramani kwenye dari. Mwambie fundi asuke matofali mapya ndani ya ya zamani au aache kiungo safi, na usimamie wewe mwenyewe.

Hata kazi ikiwa safi, thamani haitapanda sawa na gharama. Anayethamini anauliza nani atanunua, na wanunuzi wa boma la vyumba saba katikati ya ukoo wa watu ni wachache. Tuseme boma lina thamani ya milioni 4 na unadaiwa milioni 2: deni ni nusu ya thamani. Unakopa milioni 1.2 ujenge, naye mthamini anaongeza laki 6 tu. Sasa unadaiwa milioni 3.2 juu ya milioni 4.6, karibu asilimia 70. Vyumba vimeongezeka, lakini nguvu yako ya kuhamisha mkopo kwenda benki yenye riba nafuu imepungua.

Jenga basi kwa sababu watoto wanabanana, au kwa ajili ya paa. Kitui hilo la paa si dogo: kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba likipata milimita 300 kuanzia Oktoba hadi Desemba linakupa hadi lita 12,000, ukiwa na mifereji na tangi. Mthamini huenda asiyahesabu maji hayo, ila wewe yahesabu.

Ukitaka kuhamisha mkopo, uhamishe kabla ya kuchukua ule wa sacco wa kujengea. Benki mpya itafungua hati yako ya mshahara, na sheria ya ajira hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara. Mwalimu aliyejaza makato kwa ajili ya saruji hana nafasi tena. Piga pia hesabu ya kuhama kwenyewe: wakili, mthamini mpya, kufuta rehani ya zamani, na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 wa kiasi kipya. Faida ya riba isipozidi hayo, tulia ulipo.

Kampuni ya bima iambiwe siku paa linapofungwa. Nyumba ya milioni 4 iliyokatiwa bima ya milioni 3 ikipata hasara ya moto ya milioni 1, unaweza kulipwa 750,000 tu.

Mwisho ni mamlaka ya kodi, KRA, na hili wengi hulisahau. Riba ya mkopo wa kununua au kuboresha nyumba unayoishi, ukitoka kwa taasisi inayotambuliwa na sheria ya kodi, hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa Desemba 2024. Omba benki cheti cha riba kila Januari, na ujaze ritani kabla ya Juni 30.