Kiti cha Mbele: Mwongozo kwa Mwenye Haraka na Mwenye Hela

Ukienda kwa wakala wa tiketi ukiwa na nia ya kukaa mbele, muulize swali moja kabla hujatoa kadi ya benki: abiria wa mbele anafika saa ngapi? Atakutazama kidogo, kisha atakwambia kwamba anafika saa ileile na yule wa safu ya mwisho. Dar es Salaam hadi Dubai ni saa tano na nusu hivi kwa wote, na rubani hana gia ya ziada kwa waliolipa zaidi. Anza hesabu zako hapo. Ukishauondoa muda kwenye mizani, kinachobaki ni mwili: mgongo, magoti, usingizi, vifundo vya miguu. Hicho ndicho unachonunua, na ni bidhaa halali kabisa, mradi ujue ni mwili wa nani na hela ni za nani.

Pili, jua unauziwa nini. Mashirika ya kwetu hayana daraja la kwanza. Boeing 787 za Kenya Airways zina viti 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida. Za Air Tanzania zina 22 mbele na 240 nyuma. Uganda Airlines, kwenye Airbus A330-800 zake, imeweka 20 vya biashara, 28 vya daraja la kati na 210 vya kawaida. Daraja la kwanza lenyewe, lenye chumba na mlango wake wa kuvuta, utalikuta zaidi kwa mashirika ya Ghuba, na mbwembwe zake kubwa zinaanzia Dubai, si Dar. Lile bafu la Emirates linalosifiwa sana limo kwenye A380 peke yake, ndege ya ghorofa mbili ambayo shirika hilo lilianza kuitumia mwaka 2008. Unatengewa nusu saa, maji yanatiririka dakika tano, na kipimo kinakuonyesha yaliyobaki. Kuoga juu ya mawingu ni jambo la kuwasimulia wajukuu, na mwenye hela zake za kuchezea sina ugomvi naye. Ila aulize mapema ni ndege ya aina gani inaruka kwenye kila kipande cha safari yake, asije akalipia bafu kisha akapangiwa ndege isiyo nalo.

Kuna wakati muda uliuzwa kweli angani. Ndege ya Concorde ilianza kubeba abiria Januari 1976 ikaacha Oktoba 2003, na kati ya London na New York ilitumia kama saa tatu na nusu, mahali ambapo ndege nyingine zinatumia saba au nane. Kwa tofauti ya saa za miji hiyo miwili, ulitoka London asubuhi ukatua New York saa ya ukutani ikiwa nyuma ya ile uliyoondokea. Sasa tazama jinsi matajiri walivyokaa humo: viti 100 hivi, viwili viwili kila upande, vyembamba, dari fupi, madirisha madogo. Mabilionea walibanana bega kwa bega na hawakulalamika, kwa sababu walijua wanalipia nini. Tangu ndege hiyo istaafu, hakuna shirika la abiria linalouza kasi. Mashirika yanauza mahali pa kunyoosha miguu, na matangazo yao yanaposema “okoa muda wako” hayasemi kweli.

Muda uko ardhini, na huko unapatikana kwa bei ndogo. Anayeitwa kupanda kwanza hajaokoa chochote: atakaa ndani zaidi ya nusu saa akitazama mabegi ya wenzake yakipita mbele ya uso wake. Kama begi lako ni dogo na linaingia chini ya kiti, panda mwisho. Faida ya kukaa mbele iko kwenye kushuka. Ndege kubwa za njia hizi hubeba watu zaidi ya 200. Mlango ukifunguka, wa mbele wanatoka, huku nyuma watu wamesimama shingo zimepinda chini ya makabati, simu ziko mikononi, mama mmoja amepiga magoti anatafuta kiatu cha mtoto, mzee amelishika koti lake kifuani kana kwamba kuna mtu atamnyang’anya. Hao wa mbele ndio watakaosimama kwanza kwenye dirisha la uhamiaji. Maofisa wakiwa wanne na watu wakiwa 200, aliyetangulia anaweza kufika kwenye teksi kabla wa mwisho hajagongewa muhuri.

Lakini huhitaji kitanda cha angani ili utangulie. Lipia kiti cha safu za mwanzo za daraja la kawaida, cha pembeni mwa njia. Mashirika mengi yanakiuza kwa nyongeza ambayo haitakuumiza. Maliza mambo ya viza mtandaoni kabla ya siku ya safari. Ukiweza kusafiri na begi la mkononi peke yake, utawapita hata wa daraja la kwanza, maana wao bado wamesimama pale mkanda unapozunguka na sanduku la mtu mwingine. Na kama unachotamani ni launji, yenye kochi na chai ya moto, viwanja vingi vinakuruhusu kuingia kwa kulipia mlangoni. Vitu hivi vimefungwa pamoja kwenye tiketi ghali ili uvinunue vyote kwa mkupuo. Vifungue, ununue unachohitaji.

Tukija kwenye hesabu, chukua karatasi. Tuseme tiketi ya kawaida ya kwenda London na kurudi umeambiwa milioni 2.5 za Tanzania, na ya daraja la biashara milioni 8. Tofauti ni milioni 5.5. Usiigawanye kwa saa zote za safari, maana saa za kula, za kutazama filamu na za kusubiri kuunganisha ndege hazihitaji kitanda. Igawanye kwa saa ambazo utalala kweli. Ukipata usingizi wa saa 11 kwenda na kurudi, umelipa laki tano kwa kila saa ya kulala. Kwa laki tano chumba cha hoteli ya kawaida London hakikosekani, kwa usiku mzima, mlango ukifungwa hakuna anayekugusa bega kukuuliza kuku au samaki. Kwa hiyo mwenye kikao kikubwa Jumanne aondoke mapema afike Jumatatu. Siku nzima ya kupumzika itamgharimu chini ya robo ya ile tofauti.

Hesabu hiyo inageuka pale ambapo siku moja huna. Daktari anayetua alfajiri na kutakiwa chumba cha upasuaji mchana, alale, na waliomwita walipe. Safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, inakaa angani kama saa 15. Kuketi wima kwa muda huo ukatoke hapo kwenda kutetea mkataba ni kujihukumu mwenyewe. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo, yeye milioni 5.5 zake ni mtaji. Akizilalia angani, atarudi na mzigo pungufu dukani, na hakuna mteja atakayemuuliza alilalaje kwenye ndege.

Yapo pia ambayo hela haiyagusi, na ni vizuri uyajue kabla hujaahidiwa. Hewa kavu ya ndani ya ndege ni moja kwa wote. Dhoruba hairuki pazia, na kiti kinachotikisika kidogo zaidi kiko karibu na mbawa, wala hakina daraja. Uchovu wa kubadilisha saa haujali ulilala kwenye shuka la pamba au shingoni mwa jirani. Kwa anayetoka Afrika Mashariki kwenda London tofauti ni saa mbili au tatu tu, hivyo kinachomwangusha ni kukosa usingizi. Anayekwenda New York anavuka saa saba au nane, na mwili wake utadai siku zake hata angelala kama mtoto. Na damu kuganda miguuni, ambako watu wanakuhusisha na viti vya nyuma peke yake, kunatokana na kukaa muda mrefu bila kujongea. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi, iwe kwa ndege, treni, basi au gari dogo, ingawa humpata mtu mmoja hivi kati ya 6,000. Wa mbele na wa nyuma, inukeni mtembee.

Safari fupi zisikusumbue. Dar hadi Zanzibar ni dakika 20 angani. Zile ndege za mapanga za Air Tanzania zenye viti 76 zina sita vya mbele, na kabla hujamaliza kufunga mkanda vizuri unaambiwa mnatua. Ukitaka anasa kwenye njia hiyo, panda boti ukae nje utazame bahari kwa saa mbili.

Hapa pa fedha za wengine sina mzaha. Tarehe 20 Novemba 2015, Rais John Magufuli alipolihutubia Bunge Dodoma, alisema safari za nje katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, zilikula shilingi bilioni 356.3, na kati ya hizo bilioni 183.1 zilikwenda kwenye tiketi za ndege. Kisha viti vya daraja la juu vikabaki kwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Mtu anaweza kumlaumu Magufuli kwa mengi, lakini swali lile lilikuwa sahihi na bado ni sahihi katika kila nchi ya jirani. Mkurugenzi anayekwenda warsha ya siku mbili, halafu anadai kitanda cha angani kwa kodi ya muuza mchicha, apige hesabu yetu ile ya laki tano kwa saa mbele ya huyo muuza mchicha. Akiweza kuisoma kwa sauti, apande.

Hata hivyo, kiti cha mbele kina wenyewe. Mgonjwa wa uti wa mgongo anayepelekwa India kutibiwa, asiyeweza kukaa wima saa mbili, kwake kitanda ni sehemu ya matibabu, na familia inayomchangia isione haya kukiweka kwenye bajeti ya harambee. Vivyo hivyo mama mwenye miaka 70 na zaidi anayekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa Leicester. Watoto wakiwa na uwezo, wamlaze. Wasipokuwa nao, bado kuna la kufanya, na wengi hawalijui. Mwombeeni kiti cha magurudumu kupitia shirika la ndege, angalau saa 48 kabla ya safari. Hakilipiwi. Ulaya na Uingereza sheria inavitaka viwanja vitoe msaada huo bila malipo. Atasukumwa hadi mlango wa ndege, atavushwa uhamiaji, atasaidiwa kwenye mkanda wa mizigo, na hatahangaika na vibao vya Kiingereza. Mpatieni kiti cha pembeni mwa njia, karibu na choo. Mnunulieni soksi za kubana miguu baada ya kumuuliza daktari wake. Andikeni jina na namba ya simu ya atakayempokea kwenye karatasi, aiweke kwenye pochi anayoivaa shingoni, si kwenye begi litakalowekwa kabatini.