Kero Zisizo na Ofisi

Ukiibiwa ng'ombe hapa Moi's Bridge, unajua pa kwenda. Mahindi yakikosa bei, kuna Bodi ya Nafaka, kuna mbunge, na kuna redio za kupigia simu kuanzia alfajiri. Hata ile kashfa ya mbolea bandia ya mwaka 2024 ilimfikisha waziri mbele ya kamati ya Bunge. Kwa ufupi, kubwa lina mwenyewe.

Sasa niambie: mtu akikurudishia peremende badala ya chenji, utapiga ripoti wapi? Utaingia kituo cha polisi umeshika peremende ya kijani, useme nini kwa afande? Haya ndiyo yanayonimaliza. Yale makubwa nimeshayazoea, tena nayapenda kidogo kwa sababu yana watu wa kulaumiwa.

Nianze na matatu ya Kitale. Kutoka hapa hadi Kitale si safari ya kusimulia. Mwenye gari lake akiwasha redio wakati wa matangazo ya vifo, atafika kabla hawajamaliza kutaja watoto wa marehemu. Sisi wengine tunasafiri mara mbili, na mara ya kwanza gari linakuwa halijatoka stejini.

Makanga ananiona na mvi zangu, ananiita mzazi. "Mzazi, ingia, bado mmoja tu twende!" Nachungulia ndani. Kweli, pamejaa. Kuna mama mwenye kikapu cha vifaranga, kuna vijana wawili wanaotazama simu moja, kuna jamaa amelala mdomo wazi, na kiti kilichobaki ni kimoja, kinaningoja mimi. Naingia, nafunga mkanda kwa sababu mimi ni raia mwema. Buckle yenyewe haifungi, lakini nimejaribu. Punde si punde kijana mmoja anakumbuka kwamba alikuwa anunue maji. Mwenzake anamfuata kumsaidia kubeba chupa. Yule aliyelala anaamka, ananyoosha shati, anashuka na kwenda kulala kwenye matatu inayofuata katika foleni. Tunabaki mimi na mama wa vifaranga, na hata yeye naanza kumtilia shaka. Namwuliza anakwenda wapi. Ananitazama vibaya. Vifaranga, angalau, wana nia ya kusafiri.

"Makanga, bado wangapi?"

"Mmoja tu, mzazi."

Nyuma yangu safu nzima haina mtu. Nauli yangu ameshaichukua, kwa hiyo kushuka ni kumwachia zawadi. Hapo ndipo ninapomkumbuka marehemu John Michuki. Mwaka 2004, alipokuwa waziri wa uchukuzi, alitunyoosha wote: mstari wa manjano, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda, na kila abiria na kiti chake, kumi na wanne basi. Kwa muda tulisafiri kama maaskofu. Leo hesabu imerudi kuwa ya stejini. Kabla ya kuondoka, mmoja ni sita. Tukishaondoka, kumi na wanne ni kumi na wanane, na yule wa kumi na wanane yuko nusu mlangoni, makalio yake yanapunga hewa, anamwambia mkewe kwa simu kwamba amepata kiti.

Na bado hatujafika kwenye chenji. "Chenji tukifika, mzazi." Tukifika Kitale, makanga anatoa noti moja ya mia, ananipa, kisha ananyoosha kidole kwa msichana aliyekuwa kiti cha nyuma. "Wewe na mzazi mgawane hiyo." Gari linaondoka. Yaani mimi na binti nisiyemjua tumefungishwa ushirika katikati ya jiji la matope, mali yetu ya pamoja ikiwa shilingi mia. Tukaanza kuzunguka. Muuza miwa hana chenji. Wa boda hana, na anataka kujua kama tunapanda. Mama wa karanga anayo, lakini lazima tununue karanga. Hakuna kati yetu aliyetaka karanga. Tukanunua za shilingi ishirini. Sasa ikabaki themanini, na swali la karanga ni za nani. Binti akasema, "Chukua tu, babu." Stejini nilikuwa mzazi, safari moja tu na nimeshapata wajukuu.

Tuliambiwa simu zingemaliza mambo ya chenji. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tulijua sarafu zimekwisha na peremende zitarudi kwa watoto. Kumbe kila ugonjwa unabadilisha jina tu. Siku hizi ukimdai mtu, anakutumia deni kavu kavu, ukatwe wewe ukienda kwa ajenti. Akikudai yeye, anakukumbusha kwa sauti ya upole, "Usisahau kutuma na ya kutoa." Naye mama wa nyanya sokoni haamini ujumbe ulioko kwenye simu yangu. Nasimama na sukuma wiki mkononi, jua la saa saba utosini, nikimwonyesha kioo: jina lake, pesa, saa, kila kitu. Anasema, "Yangu haijaingia." Anaiweka simu yake juu ya vitunguu, tunaitazama wote wawili. Wateja wengine wanafika, nao wanaitazama. Ikilia, wote wanapumua, na ujumbe wenyewe ni wa kumwambia amestahili mkopo.

Lakini kama ni kunichemsha damu, hakuna kinachoshinda gorogoro. Huku ndiko kwenye mahindi ya Kenya. Mtoto wa Moi's Bridge hujua gorogoro kabla ya kujua kilo. Ni ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, na ungedhani mkebe ni mkebe. Wapi! Kuna gorogoro ya kununulia na gorogoro ya kuuzia. Broka akija kwangu wakati wa mavuno, mkebe wake umegongwa kutoka ndani hadi kitako kimetoka tumbo. Anaujaza, anautikisa, anaujaza tena. Kisha anazungusha mkono wa kushoto mdomoni mwa mkebe, vidole vimesimama wima vikiwa ukuta, na mkono wa kulia unaongeza mlima juu yake. Jamaa ana vidole virefu sijapata kuona. Kilima kikianza kumwagika, anakiokoa kwa kifua. Hiyo kwake ni gorogoro moja.

Njoo basi mwezi wa sita, ghala langu limebaki panya na matumaini, niende sokoni kununua. Mkebe ni uleule, kampuni ileile, picha ileile ubavuni. Ila huu umegongwa kutoka nje, kitako kimeingia ndani. Muuzaji anaujaza, kisha anapitisha kijiti juu, fyuu, punje zisizotakiwa zinarudi guniani. Nikimwambia aongeze kidogo, ananitupia punje saba kwa ncha za vidole, kisha ananiambia, "Nimekuongezea mzee kwa sababu ni wewe."

Sheria ipo. Nchi hii ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na wakaguzi wenye mawe ya kupimia yaliyopigwa muhuri. Lakini mkaguzi atoke mjini, apande matatu ya bado mmoja, aje kupima kitako cha mkebe kwa ajili ya konzi moja ya mahindi? Akifika, mkebe utakuwa umegeuzwa chungu cha maua.

Watu wa simu nitawapitia haraka, maana nikikaa nao sitalala. Mgeni wangu akitoka Eldoret huwa yuko "hapa tu Matunda". Yuko hapa tu Matunda, na nyuma yake nasikia makanga akiita Kisumu, Nakuru, Nairobi. Matatu ya Nairobi haijawahi kuitiwa abiria Matunda tangu dunia iumbwe. Namsubiri darajani, penye upepo wa Nzoia, napata muda mrefu wa kumfikiria Arthur Hoey, yule mwindaji Mzungu aliyevusha watu hapa kwa daraja la magogo hadi mji ukaitwa kwa jina lake, Hoey's Bridge, kabla haujapewa la Moi. Hoey hakuwa na simu. Mtu akimwambia atafika, alifika au aliliwa na simba, basi.

Pia kuna anayeniingiza kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa shemeji ya jirani. Sijaulizwa. Naamka ni mwanakamati. Kila anayetoa mia mbili anabandika upya orodha nzima ya majina, na wote mia moja na ushei tunaisoma tena kutoka juu. Nikitoka kundini inaandikwa hadharani kwamba nimetoka, na shemeji ya jirani anakutana nami dukani akiwa na uso wa matanga.

Matanga nayo! Msema chochote anashika kipaza sauti na kusema, "Itifaki imezingatiwa." Nashukuru Mungu moyoni. Halafu anaanza: diwani, mwakilishi wa diwani, aliyekuwa diwani, wazee wa mtaa, wakwe kutoka Webuye, wakwe kutoka Kapenguria, na "kama kuna niliyemsahau aniwie radhi". Wamesahaulika wawili, wamenuna, inabidi itifaki izingatiwe upya. Naye kila anayepewa dakika mbili anaanza na "sina mengi", na nimejifunza kwamba asiye na mengi ndiye wa kuogopwa. Jeneza lipo, jua linazama, wachimba kaburi wameketi juu ya udongo wakimeza mate, maana mchele unanukia.

Usiku napo ni kesha. Sina ugomvi na Mungu. Ugomvi wangu ni na spika. Kanuni za serikali za mwaka 2009 kuhusu kelele zinasema usiku, penye makazi ya watu, sauti isizidi desibeli 35, kitu cha karibu na mnong'ono. Mhubiri wetu hanong'oni. Anampiga shetani makofi saa tisa usiku na mbwa wote wa lokesheni wanaitikia amina. Nimefikiria kushitaki, ila kanisa liko ng'ambo ya mto, upande wa Trans Nzoia, na kitanda changu kiko Uasin Gishu. Kelele inavuka daraja bila kuonyesha kitambulisho, lakini barua yangu itaulizwa imetoka kaunti gani. Tena upepo ukigeuka inatujia ya upande wa Kakamega, ina ngoma zaidi.

Basi nikaamua, liwe liwalo, nipeleke haya yote barazani. Sitasema baraza la wapi. Lilikuwa la saa tatu kamili asubuhi, likaanza saa sita na nusu kwa kuwa mgeni wa heshima alikuwa hapa tu Matunda. Ajenda ilikuwa safi: usalama, basari, mbolea ya ruzuku, na mwisho kabisa, mengineyo. Kero zangu zote ziko kwenye mengineyo, hazina kwingine. Nikangoja. Usalama ulichukua saa nzima. Basari nusura watu washikane mashati. Tulipofika mengineyo, wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa Cherangani, na matone ya kwanza yameanza kugonga bati.

Nikasimama, nikafungua karatasi yangu, nikasoma, "Kwanza, kitako cha gorogoro."

"Mzee," mwenyekiti akasema, "hilo ni dogo, tutaliangalia. Tufunge kwa maombi, mvua hiyo."

Aliyeitwa kuomba ni mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima zake. Akavua kofia, akafumba macho, tukafumba wote. Akaanza na itifaki.