Kutu ya Kupika

"Papa, hii uliokota wapi?"

Mama huyo, hapo sokoni Kadutu, Bukavu, alikuwa ameshika kichwa changu cha treni kwa vidole viwili. Alikigeuza, akakipuliza, akaongeza kwa huruma: "Yenye iko mupya, hauna?" Muuza samaki wa makayabo wa meza ya jirani alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Niliokota! Kutu ile niliipika mwenyewe.

Treni zangu ndogo nazitengeneza kwa makopo ya maziwa ya unga, na kopo hilo lina utando mwembamba unaolizuia lisishike kutu. Lazima ulikwaruze kwa msasa hadi chuma chenyewe kionekane, ndipo upake siki na chumvi, kisha uliache nje. Ukungu wa milima ya kwetu Luhwindja utamalizia. Lakini kutu ina adabu zake. Haianzii katikati ya ubavu. Huanzia kwenye kingo, kwenye ribiti, pale rangi ilipochubuka, halafu mvua huiteremsha kwa michirizi, kwa hiyo brashi hushuka tu, haiendi kando. Masizi hukaa juu, karibu na bomba la moshi. Vumbi hukaa chini, magurudumuni. Behewa nalo huchafuka kwa mzigo wake: la makaa huwa jeusi, la saruji huota weupe kwenye mifuniko.

Na kuna ujanja wa chumvi, ambao ningeweza kuueleza hadi usiku. Unapaka rangi ya kutu, ikikauka unailowanisha, unanyunyiza chumvi, unapaka juu yake rangi ya kijani. Ikikauka unasugua: chumvi inang'oka na kijani chake, na kutu inachungulia kana kwamba treni imefanya kazi miaka arobaini.

Taabu ni kwamba kutu haikubali kupunguzwa. Wazungu wengi hutengeneza treni zao kwa kipimo cha 1:87. Hapo punje ya kutu ya milimita 1 ni bonge la sentimita 8.7 kwenye treni halisi. Ndiyo maana kutu yangu naichekecha kwa soksi ya mama watoto, naye ana maoni yake juu ya jambo hilo.

Mama yule wa Kadutu mwishowe alinunua lori la plastiki, jekundu, linalong'aa.

Shemeji aliwahi kulisugua behewa langu kwa majivu na Omo hadi likawa kioo. Bado anangoja asante. Siki nayo ilimwagikia sombe, tukala.

Kinachoniuma ni swali la mtoto wa jirani: treni ndiyo nini? Hajawahi kuiona, kwa kuwa reli haikutufikia. Ilifika Kalemie mwaka 1915. Ile iliyotoka Kalundu, pale Uvira, ilikomea Kamanyola, ikafa bila kupanda hadi Bukavu. Huku kwetu mgodi wa Twangiza ulianza kutoa dhahabu mwaka 2011, lakini dhahabu haidai behewa. Mlima mzima husagwa, na kinachosafiri huenea sandukuni. Vumbi ndilo letu. Vinavyodai behewa ni viazi, ndizi na mbao, na hivyo vinashuka milimani juu ya migongo ya mama zetu, kamba imewakaza kwenye paji la uso, mtoto tumboni mara nyingine.

Atakayeniambia Luhwindja haina mizigo ya kutosha kuletewa reli, nitamwomba abebe gunia moja tu, kutoka shambani hadi barabarani. Kamba nitamwazima.