Mawe Hayana Habari na Match

Kijana wetu wa kompyuta karudi kutoka Lubumbashi na ugonjwa mpya: akiona if na elif za Python zimepangana, mkono unamwasha. Anataka match badala yake.

Programu yenyewe ni ya depo moja ya Musompo, huku Kongo, inayonunua mawe ya wachimbaji. Mfuko unafika, mashine ya Metorex inaelekezwa kwenye jiwe, inatoa asilimia ya kobalti, programu inatoa bei. Hapo ndipo zilipo elif zangu: chini ya 1, rudi nalo, chini ya 2, bei hii, chini ya 3, bei ile. Ndefu, sikatai. Sura hazina. Lakini watu wanalipwa.

“Yaya, hii ya kizamani.”

Kizamani! Match imeingia Python Oktoba 2021, toleo la 3.10. Guido van Rossum, baba wa lugha mwenyewe, alipendekeza switch, ndugu yake match, mwaka 2006. Alipowauliza watu mkutanoni mwaka 2007, wengi hawakumuunga mkono. Miaka yote hiyo watu waliishi na elif, wakaoa, wakajenga.

Haya, andika. Kaandika: case x if x < 1, case x if x < 2, case x if x < 3. Mdogo wangu, hizo if zinatafuta nini humo? Kimya. Match inataka kitu chenye jina au umbo. Asilimia haina jina. Inateleza tu kutoka 1.9 hadi 2.1, hasa mnunuzi akiwa ndiye aliyeshika mashine.

Kahamia kwenye aina za mawe, na mwishoni kaweka case KOBALTI. Kumbe Python haiulizi kama ni kobalti. Inafungua kapu, chochote kinachobaki kinatumbukia humo na kubatizwa KOBALTI. Kwenye majaribio hata udongo ulilipwa. Dawa yake ni nukta: Madini.KOBALTI. Nukta, jamani! Na kwa majina matupu hayo, kamusi ya bei ingetosha, mistari michache, kwisha.

Sasa analalamika kompyuta ya depo ina Python 3.8, match haiijui kabisa. Kuisasisha kunataka megabaiti, megabaiti zinataka bosi, na bosi anataka kujua kwa nini mchimbaji aliyekalia mfuko wake tangu asubuhi hajapata hela. Nimezirudisha elif zangu. Kijana kanuna, mchimbaji anahesabu noti.